Nilivyomshonea Mungu wa Mama Ba

Mteja wangu mgumu kuliko wote hakuwahi kulalamika hata siku moja. Hakusema mkono unabana, hakusema shingo imekaa upande, hakunirudishia nguo siku ya pili akidai kwamba kunenepa kwake ni kosa la fundi. Alisimama tu, mguu mmoja umepita mbele ya mwingine, filimbi karibu na mdomo, akavaa nilichomletea. Ninyi vijana mnaokaa kwenye cherehani za umeme pale mtaani Songo, huwa mnanipigia simu kuniuliza jinsi ya kukata hariri isiteleze. Nitawajibu. Lakini lazima kwanza niwaambie juu ya mteja huyo, maana yote ninayoyajua kuhusu hariri niliyapata kwa kumshonea yeye, na aibu kubwa ya kazi yangu niliipata nyumbani kwake.

Alikuwa mungu wa Wahindi wa hapa Uvira. Jina lake Krishna, sanamu ya shaba ya urefu wa kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Wahindi wenyewe walikuwa familia chache, wote wangeingia katika basi moja dogo na nafasi ya mizigo ikabaki. Mmoja aliuza vipuri vya pikipiki, mwingine misumari na mabati, na Patron Jayesh aliuza vitambaa kwenye barabara kubwa. Hekalu hawakuwa nalo. Walikuwa na chumba juu ya duka la Jayesh, chumba chenye pazia jekundu, na nyuma ya pazia ndipo mungu alipoishi. Nasema aliishi kwa sababu ndivyo walivyomtunza. Asubuhi aliamshwa, akaoshwa, akavishwa, akapewa chakula. Mchana alipumzika, na jioni alilazwa. Mwenye kazi hiyo alikuwa mama yake Jayesh, mjane aliyekuja Uvira akiwa bibi arusi na kuzeekea hapa hapa. Wanawe walimwita Ba, yaani mama kwa lugha yao. Sisi tukamwita Mama Ba, tukawa tumemwita mama mara mbili, na hakuna aliyeona ubaya.

Mimi ni Mkatoliki, nimebatizwa Anselme, na nguo za komunyo nilizoshona zingefunika uwanja wa parokia. Majirani walinitania sana. "Anselme, ule mungu wa Bahindi anavaa taye gani, kubwa ao ndogo?" Niliwajibu kwamba anavaa vizuri kuliko wao wote na hajawahi kuomba nimpunguzie pindo. Mke wangu hakucheka. Aliniuliza mara moja tu kama nimemwambia padri, nikasema padri naye ananunua vitambaa dukani kwa Jayesh, mambo yakaishia hapo.

Kazi ya kwanza niliyomshonea Mama Ba niliiharibu mbele ya macho yake. Fundi aliyenifundisha, mzee Balthazar wa Mulongwe, alikuwa bingwa wa pasi ya makaa. Alijaza maji mdomoni, akavimbisha mashavu, akayapuliza juu ya kitambaa, nayo yakatoka mepesi kama ukungu. Nilitumia mwaka mzima kujifunza kupuliza hivyo bila kudondosha mate, na nilijivunia. Basi Mama Ba alipokuja kibandani kuchukua nguo, nikaona nimwonyeshe ufundi. Nikajaza mdomo, nikapuliza juu ya hariri ya mungu wake, nikapiga pasi.

Hakunipigia kelele. Aliinua ile nguo kwa vidole viwili, akaitazama, akasema, "Fundi, hii sasa ni ya kufungia dirisha ya jikoni." Kisha akakaa kwenye benchi la wateja akanieleza polepole. Kitu kilichoguswa na mdomo wa mtu kimeshakuwa makombo. Mgeni humpi makombo, sembuse yule. Nilikuwa nimempulizia mungu wa watu mate yangu, tena kwa madaha.

Tangu siku hiyo nikajifunza kazi upya. Maji nilinyunyiza kwa kifagio kidogo cha nyasi, kipya, kutoka beseni safi. Pini sikuzishika tena kwa midomo kama mnavyofanya ninyi, bali nilizichomeka kwenye kipande cha sifongo mkononi. Uzi sikuukata kwa meno. Chini ya cherehani nilitandika mkeka uliofuliwa, maana kitambaa kikiteleza kikaanguka miguuni ni lazima uanze na kingine. Mkanda wa ngozi niliuvua, maana kwao ngozi ya ng'ombe haikaribii mungu, nikafunga suruali kwa utepe wa kitambaa. Na siku ya kazi ile sikula ndagala, wale dagaa wa ziwani. Mnajua wenyewe ugumu wake hapa Uvira, mji mzima unanuka ndagala zilizoanikwa, hata ukijifungia nyumbani harufu inakufuata kitandani. Nilikuwa naamka, naoga, nakula muhogo na maharage, ndipo namshonea. Mke wangu alisema Krishna amefaulu kunifungisha Kwaresima nje ya wakati wake.

Sasa la hariri. Chukua wanga wa muhogo kidogo, uupike mwepesi kabisa, karibu na maji. Chovya kitambaa, kikamue kwa kukibonyeza bila kukisokota, ukianike kivulini. Kitakuwa kigumu kama karatasi na kitakatika unavyotaka. Ukimaliza kushona, unakiosha, ulaini unarudi. Utepe wa dhahabu usiupige pasi uso juu, utayeyuka na kukuachia doa jeusi. Ugeuze, uweke kitambaa cha pamba katikati, na pasi iwe ya vuguvugu. Wapo mafundi wanaojua hili wakakaa nalo. Mimi nimechoka kukaa nalo.

Na mjue hili pia: mteja wa shaba hainui mkono. Nguo ya mtu unaipitisha kichwani, mikono inajitafutia njia. Ya huyu inafunguka yote nyuma, kutoka shingoni hadi chini, na kufungwa kwa vikamba. Mwanzoni nilikata mikono miwili iliyo sawa, kama ya mtoto wa komunyo, Mama Ba akairudisha. Mpiga filimbi kiwiko kimoja kimepanda kuliko kingine, na kiuno chake kimeegemea upande. Haya yote niliyajua bila kumwona. Mimi si mtu wa dini yao na sikuwahi kupita lile pazia. Niliyajua kwa uzi.

Mama Ba ndiye aliyekuwa akipima. Futi ya plastiki aliikataa. Alitumia uzi mnene mweupe wa pamba kama alivyofundishwa na mama mkwe wake, akafunga fundo penye shingo, fundo penye bega la juu, fundo penye bega la chini, kiunoni, na penye vifundo vya miguu. Alinitumia uzi huo umeviringishwa kwenye kipande cha karatasi safi, mara kadhaa kwa mwaka, kila sikukuu ilipokaribia. Mwanzoni nilimwambia, kwa heshima zote, kwamba shaba haikui. Nimeshakata modeli ya karatasi, kwa nini apime tena? Akanijibu, "Weye mutoto yako unapima mara moja?" Kwake kupima kulikuwa sehemu ya kumlea. Msimu wa upepo wa ziwa, mnamo Juni na Julai, aliniagiza hata sweta. Nikashona sweta ya mungu, kwenye joto la Uvira, bila kucheka.

Niwarudishe kidogo kwa mzee Balthazar. Mafundi wengi hupima kwa sauti. Anamzungushia mama wa watu futi kiunoni na kutangaza namba kwa msaidizi wake, na barabara nzima inasikia. Balthazar hakutaja kipimo hata siku moja. Alipima, akanyamaza, akaandika, akamsifu mteja kwa kitambaa alichochagua. Alituambia kwamba sisi tunajua mimba kabla ya mume, tunajua nani anakonda na kwa nini bega moja la mtu limeshuka, na mtu akitupa mwili wake tuupime, ametupa siri. Nilimwelewa. Niliwafundisha wengine maneno hayo hayo, nikiyatamka kwa sauti nzito kama yake.

Ule uzi ukaanza kuharibika pole pole. Kwanza fundo la bega lilikuwa chini kidogo. Nikadhani ameupima kwa haraka. Sikukuu iliyofuata, kiuno kilishuka. Baadaye nikapata uzi ambao mabega yote mawili yalikuwa sawa, jambo lisilowezekana kwa mpiga filimbi yule. Nikauweka pembeni nikashona kwa modeli yangu ya karatasi. Nguo ilikaa, akanisifu. Nikaendelea hivyo. Siku moja aliniletea mwenyewe joho lililokuwa na pindo limeliwa, akasema ni panya. Nilipolinusa lilikuwa na moshi. Mbele ya mungu huwa kuna taa ndogo ya samli inayowaka, na hariri iko karibu. Nilikata pindo, nikatia jipya, sikusema kitu. Nilijua kwamba Mama Ba haoni tena vizuri, na kwamba anaficha. Kwao anayemvisha mungu ni mtu mwenye heshima nyumbani, na akishindwa, kazi inapita kwa mkamwana. Hakuwa na kingine alichokitaka duniani. Wana walikuwa wakubwa, duka lilikuwa la Jayesh, jiko lilikuwa la mkewe Jayesh. Kilichobaki chake kilikuwa nyuma ya pazia.

Nilijisifu moyoni kwa kunyamaza. Huo ndio ubaya wa kunyamaza ukijisifu, kuna siku unataka watu wajue ulivyonyamaza vizuri.

Siku yenyewe ilikuwa mkesha wa sikukuu ya kuzaliwa kwa Krishna. Mchana nilipeleka nguo mpya, rangi ya manjano yenye utepe wa dhahabu, juu ya sinia, kwa mikono miwili. Kwenye kile chumba wanawake wa familia zote walikuwa wamekaa chini mbele ya pazia wakipanga mashada ya maua, na Mama Ba katikati yao. Nilisimama mlangoni, viatu nimeviacha ngazini. Hetal, mke wa Jayesh, alipokea sinia. Huyu Hetal ni mtu mwema, msije mkamchukia mbele ya safari. Alikuja kuolewa akiwa hajui hata neno moja la kwetu, na kwa muda mfupi akawa anabishana na mama wauza nyanya kwa lugha yao na kuwashinda. Aliinua lile joho, akaligeuza, akasema mbele ya wote, "Papa Anselme, nguo zako zinakaa kabisa kabisa. Na uko na kauzi tu. Unafanya namna gani?"

Wote wakanitazama. Nami nikavimba.

"Kauzi?" nikasema. "Ile uzi ya Mama Ba siko naifuata tangu zamani. Nikiifuata, mungu wenu atavaa gunia. Mara hii kiuno iko kwa magoti. Kama si modeli yangu ya karatasi, mungekuja kunifunga."

Wakacheka. Nilisema kwa namna ya kuchekesha, mnajua sauti tunayoitumia kibandani, na mimi mwenyewe nilicheka kuliko wote. Mama Ba naye alicheka, lakini alichelewa kidogo, kama mtu aliyesubiri kusikia wengine wanaelekea wapi. Kisha Hetal akaacha kucheka. Alichukua maua mawili kutoka kwenye kikapu, moja jeupe na moja la manjano, akayashika mbele ya mama mkwe wake, akamuuliza kitu kwa lugha yao. Mama Ba alijibu neno moja. Sihitaji kujua Kigujarati kuwaambia kwamba jibu halikuwa sahihi. Wanawake waliinamisha vichwa juu ya mashada yao. Niliaga. Hakuna aliyeniitikia, nikashuka ngazi na viatu mkononi.

Kesho yake Hetal ndiye aliyemvisha mungu. Aliniambia mwenyewe baadaye, bila hasira, kwamba hakuwa na njia nyingine. Taa inawaka kila siku pale ndani, hariri iko pale, nyumba ni ya mbao juu, na chini ni duka lililojaa vitambaa. Alikuwa na haki. Nami niliyenusa moshi kwenye lile pindo nikanyamaza, labda nilikuwa nimecheza na nyumba ya watu. Nimelifikiria hili mara nyingi. Ningeweza kumwambia Jayesh faragha, kama mtu mzima. Ningeweza kumwambia Mama Ba mwenyewe. Nilichokifanya ni kulitoa kama kichekesho ili nisifiwe, na hiyo ndiyo aibu ninayoisikia hadi leo nikiosha uso asubuhi.

Baada ya hapo uzi haukuja tena. Vipimo vilikuja kwa telefone, sentimita zimeandikwa vizuri, na picha ya sanamu ikiwa imezungushiwa futi, uso umefichwa kwa kitambaa kwa heshima. Vipimo vya Hetal havikuwa na kosa. Nguo zilikaa, nami nikachukia jinsi zilivyokaa. Zaidi ya hapo nguo nyingine zikaanza kuja tayari kutoka India, zimeshonwa na mashine, zimefungwa kwenye nailoni, na kazi yangu ikabaki kurekebisha mikono. Mama Ba walimpa kiti dukani, katikati ya majora. Alikaa pale kutwa nzima akipapasa vitambaa. Nikiingia nikisalimu, aliitambua sauti yangu kabla sijamaliza. "Karibu, Fundi." Hivyo tu, kama zamani. Ningependa angenitukana.

Ilinichukua muda kupata ujasiri. Siku moja ya mvua, duka halina wateja, nikachuchumaa karibu na kiti chake.

"Mama Ba, munisamehe. Sikujua kama wale wa nyumbani hawajui."

"Ulijua," akasema. Mkono wake ulikuwa juu ya jora la kitenge na haukuacha kupapasa. "Minye pia nilijua. Unafikiri sikujua kama uzi yangu iko mubaya? Nilifunga mafundo kwa kubahatisha. Nguo ikija, inakaa muzuri. Nikasema, aa, Fundi ameona. Ameona na amenyamaza. Kila mara nilituma uzi, nikasema, niko na muntu moja Uvira hii anajua, na iko upande yangu."

Nikaikunja na kuikunjua ncha ya kile kitenge.

"Nilikuwa natuma uzi kwako juu ya ile," akamalizia. "Si juu ya nguo."

Nilirudi Songo kwa miguu kwenye mvua. Nilikuwa nimedhani nimetoboa siri ya bibi kizee asiyejua kwamba amejulikana. Kumbe siri ilikuwa ya wawili. Tulikuwa tumekubaliana bila kusema, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui kama tumekubaliana. Mke wangu aliniuliza kwa nini nimelowa hivyo wakati mwavuli ninao mkononi.

Kisha ukaja ule wakati ambao hata ninyi mnaukumbuka, watu wa Luvungi na Katogota walipokimbia vita wakashuka kutoka uwanda wa kaskazini na magodoro juu ya pikipiki, na madarasa ya shule yakajaa familia. Wahindi waliondoka mmoja mmoja. Jayesh alikuwa miongoni mwa waliochelewa, na mwishowe naye akaamua kuvusha watu wake kwenda Bujumbura. Majora yalifungwa, kiti cha Mama Ba kikauzwa pamoja na meza. Lakini mungu hafungwi na mizigo. Hetal alinieleza kwamba lazima mungu aage chumba chake, alishwe, halafu avishwe nguo ya safari, nene, ya pamba iliyojazwa ndani, ishonwe hadi mwisho juu ya mwili wake ili isifunguke njiani wala watu wa duane, wale wakaguzi wa mpakani, wasimshike shike akiwa uchi. Nguo ningeishona nyumbani. Mshono wa nyuma ungefungwa pale pale, kwa mkono.

Kwa hiyo mimi, mtu wa nje, nikaitwa ndani. Nilioga mara mbili. Nilivaa shati jeupe la Pasaka. Nilipofika juu pazia lilikuwa limefunguliwa, nami nikamwona mteja wangu uso kwa uso kwa mara ya kwanza. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomjua. Anatabasamu kidogo, kiuno kimeegemea upande ule ule niliokuwa nikiukata miaka yote. Nilishindwa kumtazama kwa muda mrefu. Mama Ba alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu naye, Jayesh amesimama dirishani na simu, na ndugu wa yule muuza misumari walikuwa wamekuja kuaga.

Hetal alimvisha. Nguo ilikaa kama ilivyotakiwa kukaa. Na hapo mimi nikaja na mpango niliokuwa nimeupika tangu jana yake. Nilivuta kitambaa kiunoni, nikatikisa kichwa.

"Hapa haikai," nikasema kwa sauti, wote wasikie. "Hizi vipimo za telefone zinadanganya. Ningeomba Mama Ba apime na uzi yake, kama zamani. Bila ile sitaweza kufunga."

Nilidhani ninamrudishia kitu. Nilidhani nikijifanya fundi mbovu mbele ya watu, nitakuwa nimelipa. Hetal aliangalia kiuno cha nguo, akaniangalia mimi. Mama Ba alinyoosha mkono. Akaanza shingoni, akashuka begani, akafika kiunoni, akapitisha kidole ndani ya pindo.

"Inakaa," akasema. "Juu ya nini unasema uongo, Fundi?"

Niliuondoa mkono wangu kiunoni mwa nguo.

"Siku ile ulicheka na macho yangu mbele ya watu. Leo unayasikitikia mbele ya watu. Minye sikukuomba kucheka, na sikukuomba kusikitika."

Jayesh aligeuka dirishani. Vijana wangu, nimewahi kuunguza nguo ya bibi arusi asubuhi ya arusi yake. Nimewahi kumshonea mbunge suruali yenye mguu mmoja mfupi. Sijawahi kutamani sakafu ipasuke kama siku ile. Nilikuwa nimekosa kwa namna ile ile, mahali pale pale, mbele ya watu tena, na safari hii nilikuwa nimejiandaa.

Lakini Mama Ba hakuwa na muda na aibu yangu. "Mulete mutoto," akasema. Hetal alimshusha mungu kutoka madhabahuni akamlaza mapajani mwa Mama Ba, uso umemwelekea kifuani, mgongo kwangu. Mama Ba akamzungushia mikono yote miwili. "Minye sioni, kila muntu anajua. Nitamushika. Weye shona."

Nikapiga magoti mbele yake. Nikatoa sindano kwenye sifongo na uzi wa manjano kutoka kwenye kibweta. Jua la mchana lilikuwa linaingia dirishani moja kwa moja, siwezi kusema kulikuwa na giza. Nikaelekeza uzi kwenye tundu la sindano, ukapita pembeni. Nikaukata upya, nikaelekeza tena, ukapita pembeni. Nyumbani nilikuwa nimemzoesha mke wangu kunitungia uzi kila asubuhi, nikisingizia kwamba mikono yangu ina mafuta ya mashine, wala si macho, naye akawa anatunga bila kuuliza. Pale juu hakuwepo. Nilijaribu tena, na wote waliokuwa chumbani walikuwa wananitazama, isipokuwa yule mwenye kumshika mtoto.

Hetal akachuchumaa kando yangu. Alichukua sindano kwenye vidole vyangu, akatunga uzi mara moja, akafunga fundo mwishoni, akanirudishia.

"Fundi, umetunga?" Mama Ba akauliza.

"Ameshatunga, Ba," Hetal akamjibu kwa Kiswahili, na hakuna aliyecheka.

Nikainama nikaanza kushona.